Nyuma ya Fungu la Viazi

Wimbo ulianza uani kabla Watiri hajamaliza sentensi. Zilikuwa sauti za akina mama wa kanisa, zikiongozwa na Waithira mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa pale Mweiga, na wimbo wenyewe ulikuwa ule wanaoimbiwa wagonjwa ambao hawatarajiwi kuinuka. Watiri aliweka kalamu chini. Tangu asubuhi alikuwa amefunga mlango wa mbele na kusukuma komeo, na sasa aliliona kosa lake. Kwa watu wa pale, mlango uliofungwa mchana una maana mbili tu: aliye ndani ni mgonjwa, au ana kinyongo na watu. Akina mama wale, kwa wema wao, walikuwa wamechagua ugonjwa.

Alipofungua, wimbo ulikatika. Walimtazama toka utosini hadi miguuni. Waithira alikuwa na uji kwenye chupa, ameukumbatia kama mtoto.

"Tulisikia huamki," alisema.

"Niko mzima, mama. Nilikuwa naandika."

"Kuandika tu?" Waithira aliwageukia wenzake. "Ati alikuwa anaandika."

Wakacheka kicheko cha watu waliotua mzigo, kisha wakaingia, kwa sababu hakuna anayebeba uji mpaka kwa mtu halafu akaurudisha. Watiri alikusanya karatasi zake, akazisukuma chini ya kitanda, akawasha moto. Chai ikanywewa. Sala ikaombwa, ndefu, na ndani yake Mungu akasihiwa amwondolee mjane huyu roho ya kujifungia. Walipoaga, ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi kutoka mtoni, na ile sentensi ilikuwa imempotea kabisa.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukipita mwaka ule, mwaka ambao watoto walianza kupewa maziwa shuleni. Simeon, mume wa Watiri, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, katikati ya mvua za masika, baada ya homa ya mapafu iliyomwondoa upesi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Watiri alikuwa mwalimu wa sayansi kabla ya kupata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari katika chuo kikuu huko Nairobi. Somo lake lilikuwa viazi. Alitaka kujua kwa nini ugonjwa ambao wakulima huuita baridi, ule unaochoma majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto, huangamiza aina moja ya kiazi na kuiacha nyingine imesimama. Kwa misimu minne alikuwa amepanda mistari yake katika shamba la wakwe zake, upande unaotazama misitu ya Nyandarua, akapima kila jani lililoungua. Vipimo vilikuwa vimekwisha. Kilichobaki kilikuwa kuandika tu, na kuandika ndiko kulikomshinda.

Si kwamba hakujua la kusema. Sura ya kwanza alikuwa nayo. Alikuwa nayo mara nyingi mno. Kila alipopata saa ya utulivu aliirudia kutoka mwanzo, akaona neno lisilokaa sawa, akaling'oa, na kwa kuling'oa akabomoa ukurasa mzima. Akianza upya, hodi. Nyumba ya mjane haikosi wageni. Anayekuja hutoa pole, na anayepewa pole hupika chai. Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Lakini mtu aliyeketi mezani mchana na karatasi, machoni pa watu wa pale, ni mtu aliyeketi tu. Kama angekuwa ameshika jembe, wangempigia salamu kutoka barabarani na kupita.

Alijaribu ghala la mahindi. Kingori, shemeji yake, alimkuta huko akiwa amekalia debe na kuandikia magotini, akamuuliza anamkimbia nani. Alijaribu kando ya shamba, chini ya ua wa mikei yenye miiba. Mama mkwe wake, Wachuka, akatuma watu kumtafuta kwa sababu wageni walikuwa wamefika kutoka Kangema, na wageni wa kutoka mbali namna hiyo hawawezi kunywa chai bila kumwona mwenye msiba.

Mwezi wa Juni ulipoanza alikwenda Nyeri kumpigia simu Profesa Ngatia, aliyekuwa akimsimamia. Posta ilikuwa imejaa. Watu walisimama karibu kiasi kwamba kila mmoja alisikia simu ya mwenzake. Profesa hakuzunguka. Alimkumbusha kwamba chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara mbili na hakingeongeza tena. Yeye mwenyewe mwisho wa mwaka alikuwa anakwenda kufundisha ng'ambo. Kazi yote, kutoka jalada hadi marejeo, ilitakiwa imfikie kabla Septemba haijakwisha. La sivyo jina la Watiri lingefutwa kwenye orodha ya wanafunzi, na misimu yake minne ibaki kuwa viazi tu, vilivyokwisha kuliwa.

Kisha akamuuliza amefika sura gani. Watiri alisema anarekebisha ile ya kwanza.

"Watiri," profesa alisema, "usiniletee kitu kizuri. Niletee kitu kilichokwisha. Uzuri tutautafuta pamoja."

Akaongeza mengine, haraka haraka, kama daktari anayeandika dawa: aandike kabla ya kufanya jambo lingine lolote, mahali pamoja, wakati uleule, hata kama ni ukurasa mmoja, asisahihishe anapoandika, asingoje moyo utulie, kwa sababu moyo hautulii. Watiri alikuwa akiitikia ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya chini. Mzee mmoja nyuma yake akachoka kungoja.

"Mama," alisema, "kama ni posa, kubali twende. Sisi pia tuko na watu wetu."

Posta nzima ikacheka, na Watiri akacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Lakini alipotoka nje swali lilimrudia. Mahali pamoja. Mahali gani?

Jibu lilikuja kwa njia ya goti. Wachuka alikuwa na nafasi yake katika soko la Karatina tangu miaka ya uhuru, kipande cha ardhi kinachotosha magunia mawili na mtu mmoja, na kila siku ya soko Kingori alimpeleka na viazi vyake kwenye pikapu. Baridi ya Julai ilipoingia, goti la Wachuka lilivimba akashindwa kukanyaga. Viazi vilikuwa vimeshachimbwa. Haikubidi mtu aombwe. Watiri alijifunga leso, akatia karatasi zake kwenye kiondo kwa mazoea tu, akapanda pikapu huku akihesabu moyoni kwamba hiyo ni siku nyingine iliyopotea.

Ukungu ulikuwa bado umelala sokoni walipofika. Malori yalikuwa yanashusha kabeji, mikokoteni inapita katikati ya watu kwa kelele za mbao, na kila mwanamke anatandika gunia lake mahali ambapo mama yake alitandika. Jirani wa Wachuka alikuwa Magdaline, muuza vitunguu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde. Alimwonyesha Watiri mahali pa kukaa, akampa pole ya msiba kwa maneno machache, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. Watiri alingoja pole iendelee. Haikuendelea. Soko lilikuwa limefunguliwa.

Akamwaga gunia zima. Aliona ni jambo la busara: mnunuzi aone mali ilivyo nyingi. Wanunuzi waliona. Waliinama, wakapekua, wakafukua hadi chini, kila mmoja akajichagulia vikubwa na kuacha vidogo, na jua lilipotoka kabisa Watiri alikuwa amebaki na kilima cha viazi vidogo, vyenye michubuko, ambavyo hakuna aliyetaka hata kuviuliza.

Magdaline alikuwa amenyamaza muda wote huo. Sasa alishindwa.

"Mwalimu, nani alikufundisha kumwaga gunia yote?"

"Nilitaka waone."

"Si wameona? Wakiona nyingi, wanachagua. Hata wewe mwenyewe ukiona nyingi unashindwa utashika wapi. Mwaga debe moja. Hiyo ikiisha, mwaga ingine. Gunia haiuzwi, mwalimu. Debe ndio inauzwa."

Wanawake wa karibu waliguna kwa kukubali, na mmoja akasema huyu amesoma sana, mwacheni. Watiri aliinama kuvitenga vile vidogo katika mafungu. Alipomaliza, hakukuwa na mnunuzi. Aliketi. Alitazama kushoto na kulia. Kila mtu alikuwa ameketi nyuma ya mali yake, mwingine akifuma sweta, mwingine akimenya mbaazi, mwingine akisinzia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini amekaa. Mwanamke aliyekaa nyuma ya fungu la viazi yuko kazini. Anaweza kufanya lolote.

Alitoa karatasi kwenye kiondo. Sura ya kwanza ilikuwa juu. Aliitazama kama vile wanunuzi walivyotazama vile viazi vidogo, akairudisha. Akatafuta mahali palipokuwa tayari, pasipohitaji urembo: jinsi shamba lilivyogawanywa, mistari ilivyopandwa, upana wa njia kati ya mstari na mstari. Hayo aliyajua kama ajuavyo nyumba yake gizani. Akaandika. Mnunuzi alipofika aliacha katikati ya neno, akauza, akarudi. Hapo akagundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia. Sentensi iliyokatwa katikati ilimngoja mlangoni. Hakuhitaji kutafuta pa kuingilia. Ni zile zilizokwisha vizuri, zenye nukta yake, ndizo zilizomfungia nje.

Jioni hiyo alipokuwa akimkanda mama mkwe wake goti, alimwomba amwachie soko mpaka Septemba.

Wachuka hakupenda. Alisema watu watasema wamemgeuza mchuuzi, mwalimu mzima, na kaburi la mwanawe bado halijaota majani sawasawa. Watiri alisema waseme.

"Wewe ni wa kusema waseme," Wachuka alisema. "Mimi ndio nakaa na wao kanisani."

Kingori, aliyekuwa mlangoni akingoja chakula, aliona hapo pa kutia mkono. "Daktari wa viazi," alisema. "Sasa amepata hospitali yake. Karatina wodi namba moja."

Watiri hakucheka. Alimweleza Wachuka kile ambacho hakuwa amekisema kwa mtu yeyote nyumbani: kwamba Septemba ikipita kazi yote inafutwa, na kufutwa kwake ni kama haikufanywa, misimu yote minne, pamoja na ule ambao Simeon alikuwa akipima naye.

Wachuka alivuta kanga yake ikafunika goti.

"Pikapu inatoka mapema," alisema. "Kingori hangojei mtu."

Basi kila siku ya soko Watiri alishuka Karatina na magunia ya viazi na karatasi za sehemu moja tu. Nyingine aliziacha nyumbani makusudi. Alimwaga debe, akaandika mpaka debe likaisha. Asubuhi ya mapema, kabla wanunuzi hawajaamka, aliandika mapya. Mchana, soko lilipochangamka, alifanya yale yasiyohitaji kichwa kizima, kunakili majedwali na kupanga marejeo. Kusahihisha alijikataza kabisa. Alipokwama aliandika kwa Kiswahili, au kwa Kikuyu, kama anavyomweleza Magdaline, na siku iliyofuata akakigeuza kuwa Kiingereza cha vitabu. Kila sura ilipokwisha, mbaya kama ilivyokuwa, aliipakia kwenye basi la Nairobi ifike kwa profesa kabla hajapata nafasi ya kuionea haya. Ilirudi imejaa wino mwekundu. Mwanzoni wino ule ulimchoma. Baadaye aliuzoea kama mtu anavyozoea moshi wa jikoni kwake.

Magdaline alijifanya hajali, lakini alikuwa amejiweka kuwa bawabu. Mtu akija kupiga soga alimwambia mwalimu anahesabu, na kuhesabu, sokoni, ni jambo takatifu. Mnunuzi akimletea Watiri ubishi, Magdaline alimrushia kitunguu na kumwambia ashindane na mtu wa saizi yake. Nyakati nyingine aliinama akachungulia.

"Imefika wapi?"

"Sura ya tano."

"Na zote ni hii ya viazi?"

"Zote."

"Ngai, Mungu wangu," Magdaline alisema. "Na kula nayo tunakula kwa dakika moja."

Agosti ilikwisha hivyo. Septemba ilipoingia, Watiri alikuwa na tasnifu nzima isipokuwa sehemu moja, na sehemu hiyo alikuwa ameiruka mara nyingi hata akawa bingwa wa kuiruka. Ulikuwa msimu wa tatu. Msimu wa kwanza, wa pili na wa nne ilikuwa imeandikwa, imesahihishwa, imepigwa chapa na karani mmoja wa Nyeri. Wa tatu ulikuwa majedwali matupu ya namba. Nusu ya namba zile ziliandikwa kwa mkono wa Simeon, mwandiko wake wa kulala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Kisha, katikati ya ukurasa, mwandiko unabadilika.

Siku moja ya soko aliketi mbele ya ukurasa ule tangu ukungu mpaka jua likawa juu ya kichwa, hakuandika neno. Siku ya soko iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Magdaline aliuza vitunguu vyake na viazi vya Watiri pia, kwa sababu wanunuzi waliuliza bei na hawakujibiwa.

Nyumbani Mweiga, wakati huo huo, maneno yalikuwa yameota miguu. Mtu alikuwa amemwona Watiri sokoni akiandika, akiandika sana, akafuta macho, akaandika tena. Ilipomfikia Waithira wa duka ilikuwa imekuwa barua. Ilipotoka kwa Waithira ilikuwa barua kwa mwanamume wa Nairobi, na mwanamume huyo ndiye aliyesababisha mlango ufungwe mchana. Kingori aliileta nyumbani, safari hii bila mzaha. Wachuka alimsikiliza mpaka mwisho. Siku ya soko ilipofika alivaa viatu, akachukua fimbo, akapanda pikapu mbele, na goti lake hilo hilo.

Watiri alipogeuka akamwona mama mkwe wake amekwisha kuketi kwenye gunia karibu naye, alijua amekuja kwa sababu gani. Hakuwa na nguvu ya kujitetea. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Wanasema unamwandikia mwanaume," Wachuka alisema.

"Ni kweli, Maitu, mama yangu." Watiri alimsogezea ukurasa. "Huyu hapa."

Wachuka hakujua kusoma, lakini mwandiko wa mwanawe aliujua. Alikuwa ameuona kwenye mifuko ya mbegu na kwenye mlango wa zizi. Aliugusa kwa ncha ya kidole, kuanzia juu, akashuka nao polepole mpaka pale ulipoishia. Hapo kidole kilisimama.

Mnunuzi alifika, akauliza viazi. Wachuka alimpimia, akampa, akamwaga debe lingine chini kwa mkono uliozoea. Ndipo akauliza.

"Hapa ndipo umekwama?"

"Hapa. Sijui nitamwandikaje. Kwenye vitabu hivi hawaandikwi watu, Maitu. Zinaandikwa namba tu."

"Basi iandike vile huandikwa. Yeye atajua ni yeye."

Magdaline, upande wa pili, aligeuka akaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Watiri alichukua kalamu. Aliandika kwamba katika msimu wa tatu vipimo vilichukuliwa na watu wawili hadi mwezi wa Mei, na baada ya hapo na mtu mmoja. Aliitazama sentensi ile. Ilikuwa kavu kama ganda, na yote yalikuwamo. Kisha akaendelea kwenye mvua za mwezi ule, na majani, na mistari ya upande wa chini ambayo haikuungua. Wachuka aliuza viazi. Mwanamke mmoja wa Mweiga alipita, akawaona wote wawili, akapunguza mwendo, na Wachuka akamwita kwa jina, akamwambia aende akamwambie Waithira kwamba ile barua imemfikia mwenyewe.

Kazi ilifika kwa Profesa Ngatia siku chache kabla ya mwezi kwisha. Ilikuwa na makosa. Profesa alisema makosa ya kazi iliyokwisha yana dawa. Mvua za vuli zilipoanza, Watiri aliitwa Nairobi kuhojiwa. Alivaa suti ya kijani aliyoshonewa alipoanza kufundisha, akapiga viatu rangi, akapanda basi la kwanza.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na maprofesa waliomtazama juu ya miwani. Walianza kwa upole. Walimuuliza kuhusu aina za mbegu, kuhusu udongo, kuhusu kwa nini hakupanda mahali pengine pia. Alijibu. Mtahini mgeni, mwanamume mwembamba aliyetoka chuo kingine, alikuwa bado hajasema neno. Alifungua tasnifu mahali alipokuwa ameweka kipande cha karatasi.

"Hapa unasema watu wawili, kisha mtu mmoja," alisema. "Jicho la mtu si jicho la mwingine. Nitajuaje kwamba kilichobadilika katika msimu huu ni ugonjwa, si mpimaji?"

Profesa Ngatia alitazama meza. Watiri aliweka mikono yake mapajani, akaiona imetulia, akashangaa.

"Mpimaji mwenzangu alikuwa mume wangu," alisema. "Alifariki mwezi huo. Lakini tangu mwanzo wa msimu huo tulikuwa na mistari ambayo kila mmoja wetu aliipima peke yake, bila kumwonyesha mwenzake, kisha tukalinganisha. Jedwali liko nyuma, la mwisho kabisa. Tulitofautiana kidogo sana. Yeye alikuwa mkali zaidi yangu kwa majani machanga. Nimeirekebisha tofauti hiyo katika hesabu zote za baada ya Mei, na matokeo hayabadiliki."

Mtahini alifunua mpaka nyuma. Alisoma jedwali lile taratibu, kidole kikishuka. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Hapana," alisema. "Hayabadiliki."

Hawakumuuliza tena jambo gumu. Walimtoa nje, wakamwita baada ya muda ambao haukutosha hata kukaa, na mwenyekiti akasimama kabla yeye hajaingia vizuri. Alimpa mkono akamwita Daktari. Kila mmoja mezani akasimama akamwita hivyo. Yule mtahini mgeni alimwomba nakala ya lile jedwali la mwisho, akawaonyeshe wanafunzi wake.

Hakulala Nairobi. Ilikuwa siku ya soko, na alijua Wachuka hangeondoka Karatina kabla ya kumwona. Mvua ilikuwa imenyesha na kupita, matope mekundu yamejaa njiani, na wanawake walikuwa wameanza kukunja magunia waliposikia Magdaline akiuliza kwa sauti yake ile:

"Sasa, mwalimu? Wamesema nini?"

Watiri alikuwa bado mbali, suti imeinuliwa kidogo ili isiguse tope. Alitaka kuwafikia kwanza. Alishindwa.

"Nimepita," alisema. "Nimepita yote."

Magdaline alisimama, vitunguu vikamwagika kutoka mapajani mwake. "Amezaa," aliwatangazia wanawake wa safu nzima. "Huyu amezaa."

Kwao, mtoto akizaliwa, wanawake hupiga vigelegele, vitatu kwa msichana na vitano kwa mvulana, na anayepita njiani hujua aliyezaliwa bila kuuliza. Ubishi ukazuka hapo hapo. Mmoja alisema kitabu ni kama mwanamume, kinatembea nchi za watu, kipewe vitano. Mwingine akasema kimeandikwa na mwanamke, juu ya chakula, ni vitatu na hakuna la zaidi. Muuza kabeji mmoja mzee akakata shauri: vitatu, msimpe mtoto ambacho si chake.

Wakapiga. Cha kwanza kilianza kwa Magdaline na kushika safu ya vitunguu. Cha pili kilivuka hadi kwenye kabeji na ndizi. Cha tatu kilikuwa cha soko zima, hata waliokuwa hawajui kimezaliwa nini, na kilipokwisha wanawake walishusha mikono, wakicheka, wengine wakirudia magunia yao.

Wachuka alikuwa hajapiga hata kimoja. Aliegemea fimbo, akajiinua kutoka kwenye gunia alilokalia, akamtazama Watiri aliyekuwa amefika mbele yake na tope mpaka vifundoni. Akainua uso, akapiga cha nne, peke yake, kwa sauti nyembamba ya kikongwe isiyotetemeka. Wanawake walitazamana. Cha tano wakamfuata. Wakadhani amemaliza, lakini alikuwa anavuta pumzi, na cha sita kilipotoka, ng'ambo ya barabara wasukuma mikokoteni walisimama, mikono bado imeshika vipini, wakitega sikio wajue vitaishia ngapi.